Daftari la Nyimbo la Mkwajuni

Wimbo wa nne ndio ulioniumbua. Tatu za kwanza zilipita salama: mapambio ya taratibu, kinanda kinalia kwa mbali, kina mama wamejifunika kanga wanaitikia huku wakitikisa vichwa. Marehemu alikuwa mchimbaji, aliangukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, huko porini. Jioni ile shemeji yake alikuja kibandani kwangu na memori kadi, akaniambia, "Dogo, niwekee za msiba, zitufikishe asubuhi." Nilimwekea. Nikamwekea na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo, maana ilikuwa siku ya mnada, foleni ndefu, jenereta linakohoa, na kadi zote ni nyeusi, zote saizi ya ukucha. Saa tano usiku, turubai limejaa watu, sabufa ilinyamaza kidogo kisha ikaachia singeli. Wala si singeli ya kistaarabu. Ile yenyewe, mwendo wa mtu anayekimbizwa na polisi, kijana anatamba mambo ambayo mbele ya mama mkwe hayatamkwi.

Nilikuwa nimekaa kwenye moto pamoja na wanaume wengine. Nilivyofika kwenye sabufa sikumbuki. Nakumbuka waya mkononi na kimya kilichofuata. Mzee mmoja alisema bila kuinua sauti, "Huyu kijana akae huko huko kwenye nyimbo zake." Asubuhi nilirudisha jero ya watu, nikaongeza elfu mbili ya rambirambi, nikaomba radhi nimepiga magoti.

Siku ya pili yake akaja dereva wa bodaboda, yule aliyeondoka na mapambio badala ya singeli zake. Nilijiandaa kutukanwa. Alizima pikipiki, akaegemea kaunta, akasema, "Oya, zile za juzi. Hakuna nyingine kama zile?"

Siku hiyo hiyo nilinunua daftari. La kaunta, kwaya mbili, ndivyo madukani wanavyoliita, na mimi niliona jina limenifaa. Kila kadi iliyoingia nilibandika kipande cha plasta chenye namba, na namba hiyo nikaiandika daftarini: jina la mteja, kazi yake, anachotaka. Shida yangu ilikuwa nisichanganye tena kadi za watu, basi. Sikujua kwamba ndani ya miaka sita ningekuwa nimeandika madaftari matatu ya namna mji mmoja mdogo unavyosikiliza.

Mkwajuni ya wakati huo, mwaka 2011, ilikuwa bado mkoa wa Mbeya, wilaya ya Chunya. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ndani ya mkoa wa Songwe uliozaliwa 2016. Ukitoka Mbalizi unashuka bondeni kwenda Galula, vumbi hadi kwenye meno, joto linaongezeka kila kilomita, na upande wa magharibi, usikoliona, kuna Ziwa Rukwa. Wenyeji ni Wabungu. Lakini dhahabu haina mwenyeji. Tangu miaka ya 1920, ilipoonekana kwenye eneo la mto Lupa, watu wamekuwa wakimiminika: wazungu wenye karai na hema, Wanyakyusa, Wanyiha, Wasafwa, Wandali, Wanyamwanga. Saza palikuwa na mgodi mkubwa wa wakoloni, ukafungwa miaka ya 1950, na mashimo yake wajukuu wanayachokonoa mpaka leo. Wasukuma wakaja na ng'ombe wao. Mwaka 2012 mgodi wa New Luika ulipoanza kutoa dhahabu, wakaja mafundi, madereva, wapishi, walinzi, na wale wanaofuata mishahara ya hao wote. Kila mmoja alikuja na masikio yake.

Mimi nilikuwa na kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, sabufa moja, na hakika nyingi. Folda nilizipanga kwa watu. WALOKOLE. WASUKUMA. WACHIMBAJI. WAZEE. ZAMBIA. Mteja akitokea kwa mbali nilishamjua: shati limechomekewa na Biblia kwapani, nafungua folda ya kwanza, fimbo na kofia ya rangi, ya pili, buti zenye tope jekundu, ya tatu. Nilijiona fundi wa kusoma watu, na kwa muda biashara iliniunga mkono, maana mteja akikuta umeshafungua folda huona aibu kutaja kitu kingine. Anachukua ulichompa. Mwenye kibanda anaandika moyoni kwamba alikisia sawasawa.

Daftari ndilo lililoniharibia. Nilikuwa nimeweka safu ya "anachotaka", kwa hiyo ilinibidi niulize. Na nilipouliza, watu walianza kusema.

Mama mmoja wa kwaya, mtu mzima, kiongozi wa sauti ya pili, alikuja siku ya Jumatatu kibanda kikiwa tupu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Alitoa simu ya tochi, akaiweka kaunta, akatazama nje kwanza. Akaniuliza kama ninamjua Alick Nkhata. Simjui. Basi akaanza kuimba kwa kuguna, mdomo umefungwa, kidole kinapiga kaunta mahali ambapo gitaa lingeingia. Hakuwa na maneno, au alikuwa nayo akayaficha. Baba yake, aliniambia, alikwenda Kitwe kwenye shaba kabla yeye hajazaliwa, akarudi na bati mbili, baiskeli, na redio ya mviringo kama sufuria.

Redio hiyo nilikuja kuijua baadaye. Mwaka 1949 waliokuwa wakiendesha stesheni ya Lusaka walishawishi kampuni ya Ever Ready kutengeneza redio ya betri ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua, pauni tano, na umbo lake likaipa jina la sufuria. Ndani ya sufuria hilo ndimo alimoimba Alick Nkhata, mwalimu aliyegeuka mtangazaji na mpiga gitaa, mtu aliyezunguka vijijini akirekodi nyimbo za wenyeji kisha akazipanga upya kwa sauti za mjini. Aliuawa mwaka 1978, majeshi ya Rhodesia yalipoishambulia Zambia. Mama yangu wa sauti ya pili hakuyajua hayo ya mwisho. Alijua tu kwamba sauti ile ilikuwa sauti ya nyumbani kwao jioni, baba ameanika betri juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya saa moja.

Kwetu kusini hii siyo habari ya nyumba moja. Uliza ukoo wowote wa Mbozi, Rungwe au Ileje, utakuta babu aliyekwenda "Wenela", yaani aliyechukuliwa na wakala wa migodi ya Afrika Kusini, au aliyevuka kwa miguu kwenda Copperbelt. Baada ya uhuru serikali ilikata mkataba wa Wenela, lakini nyimbo zilikuwa zimeshavuka, na zilibaki.

Mama yule nilimtafutia Nkhata wake Tunduma. Huko ndiko nilikokuwa nachota mzigo, mara moja kwa mwezi: Mkwajuni hadi Mbalizi kwa Noah iliyobeba watu kumi na wanne, kisha basi la barabara kuu kupitia Mlowo na Vwawa. Anayetaka kujua Tunduma ilivyo asiangalie ramani, asimame kwenye foleni ya malori saa kumi na mbili jioni. Malori ya shaba kutoka Kongo kupitia Kasumbalesa, ya mafuta yanayopanda kutoka Dar, yamesimama pua kwa mkia, madereva wanapika ubwabwa chini ya trela, na kila kichwa cha lori kina muziki wake. Huyu ana Madilu. Yule ana kalindula ya Amayenge. Wa tatu ni Msomali, kaswida. Ukivuka hatua chache uko Nakonde, "mulishani" inachukua nafasi ya "mambo", na shilingi inageuka kwacha mkononi mwa mama aliyekaa kwenye ndoo. Redio za nchi mbili zinagongana hewani. Wazee wa pale wanakumbuka enzi ambazo Kaunda aliagiza redio ya Zambia ipige muziki wa Kizambia karibu wote, na upande wetu Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ikawa ndiyo redio na ndiyo studio. Mtoto wa Tunduma alizungusha kitufe kidogo tu akapata Mlimani Park; akakirudisha, akapata Paul Ngozi.

Nakonde kulikuwa na jamaa mwenye duka la simu na kompyuta yenye hazina kuliko duka. Alinipa Alick Nkhata. Akanipa na kitu ambacho sikuomba: bendi moja ya miaka ya 1970 iitwayo WITCH, vijana wa Copperbelt wenye suruali pana na gitaa la umeme linalokwaruza kama msumeno, rock ya kizungu iliyolelewa na ngoma za kwao. Zamrock, ndivyo wanavyouita muziki huo. Sikuupenda. Nilidhani spika imeharibika. Lakini jamaa akanieleza habari ya mwimbaji wao, Emanuel Chanda, wanayemwita Jagari: bei ya shaba ilipoporomoka bendi zikafa, wenzake wengi wakafariki, na yeye akaingia machimboni kutafuta vito, akachimba kwa miaka mingi, mpaka uzeeni wazungu walipomtafuta wakamrudisha jukwaani Ulaya na Marekani. Hiyo niliielewa papo hapo. Niliirudisha Mkwajuni kama habari kabla ya kuirudisha kama muziki. Nikimwambia mchimbaji "huyu anayeimba alikuwa nyani mwenzako", yaani mchimbaji kama yeye, alikuwa anakaa kusikiliza mpaka mwisho. Wanne walichukua. Mmoja, bosi wa duara, alilipa buku zima kwa wimbo mmoja, akasema hii ndiyo sauti ya karasha.

Na kweli. Karasha ni mashine ya kusaga mawe, na Mkwajuni haizimwi usiku. Inapiga, inapiga, jiwe likiwa gumu inasita, kisha inapiga tena. Nimeona watoto wa jirani wakicheza kwa mdundo wake uwanjani, bila redio. Baadaye, intaneti iliponifikia, nilisoma habari za Sheffield, mji wa chuma huko kaskazini mwa Uingereza, ambako wanamuziki wamesimulia kwamba walilala utotoni wakisikia nyundo za viwanda zikigonga usiku kucha. Mji huo mmoja umetoa Cabaret Voltaire na Human League kwenye muziki wa mashine miaka ya 1970, Def Leppard kwenye rock nzito, Pulp, kisha Arctic Monkeys. Sielewi neno lao hata moja kati ya kumi. Ila nilipocheza rekodi za mwanzo za Cabaret Voltaire nilitabasamu peke yangu kibandani: hawa nao wamelelewa na karasha.

Nirudi kwenye daftari. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, mzee, ng'ombe zaidi ya mia, alikuwa anakuja kila baada ya mauzo. Nilikuwa namfungulia folda yake ya nyimbo za Kisukuma, zile ndefu zenye mawaidha na majigambo, naye anapokea. Siku nilipoanza kuuliza, alikuna kidevu, akasema anataka zile za "shaba zinazolia kama ng'ombe anayeita ndama". Ilinichukua muda kumwelewa. Alitaka matarumbeta ya Moravian.

Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, wakaja na vyombo vya kupuliza, na mpaka leo nyanda za juu kusini huwezi kuzika mtu wa kanisa hilo bila shaba kulia. Pasaka ndiyo yenyewe. Alfajiri, giza bado, waumini wanakwenda makaburini na matarumbeta, na jua linachomoza wakiwa wanapuliza juu ya wafu wao; desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Mzee wangu hakuwa Mmoravian, na sidhani kama alikuwa na dini yoyote ya kuandikiwa cheti. Alikuwa amelala na mifugo karibu na makaburi ya kijiji fulani Pasaka moja, akaamshwa na shaba. "Ng'ombe wote walisimama," aliniambia. "Wote. Wakageuka huko." Nilimwekea nyimbo kumi na mbili. Aliniomba nifute nyingine zote zilizokuwemo kwenye kadi, asije akazikosa porini kwa kubonyeza vibaya.

Kufika mwezi wa nne folda zangu hazikuwa na kazi. Mlinzi Mngoni alitaka taarabu ya Mzee Yusuf. Fundi cherehani mlokole alichukua Remmy Ongala, akaniambia Remmy aliokoka mwishoni kwa hiyo hata za nyuma zimetakaswa. Hoja hiyo sijaisikia kwa mchungaji yeyote, lakini nilimwekea. Wasichana wa baa walinunua Ambwene Mwasongwe kuliko wake wa wazee wa kanisa. Wachimbaji vijana, hao wa singeli, ndio pekee waliokuwa wananiuliza "ya zamani zaidi ya hii unayo?", wakafika hadi Mbaraka Mwinshehe, aliyekufa kwa ajali Mombasa mwaka 1979 wazazi wao wakiwa watoto. Nilifuta majina ya folda, nikazipanga upya kwa mahali wimbo ulipotoka. Mauzo yalipanda. Kumbe muda wote ule nilikuwa nawauzia watu sura zao, na wao walikuja kutafuta kitu ambacho nyumbani hakipo.

Sasa neno "kuuza". Nimelizungukia makusudi.

Hakuna wimbo hata mmoja kati ya zile nilizouza ambao mwenyewe alipata senti kutoka kwangu. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, COSOTA ya kuisimamia ilikuwepo, na kuanzia 2013 CD halali zilianza kubandikwa stempu ya TRA, lakini memori kadi haibandikwi stempu. Nilijua. Sote tulijua. Tulikuwa tunajitetea kwamba wasanii wanalipwa kwenye shoo, hali shoo Mkwajuni zilikuwa mbili kwa mwaka, nazo za wasanii chipukizi wa Mbeya waliokuja kwa bodaboda. Na uhalifu huu haukuanza na sisi wa vibanda. Wanamuziki wa bendi kubwa walikuwa waajiriwa: NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani ya shirika la maendeleo la jiji la Dar, Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Walirekodi RTD, redio ikarusha, watu wakanasa kwa kaseti nyumbani na kuuza kanda kwenye mabasi. Mtunzi alikuwa akipita sokoni anasikia sauti yake ikitoka kwenye maduka matano, mfukoni hana nauli. Mimi nilirithi biashara hiyo nikaiwekea kompyuta. Utajiri wa masikio ya Mkwajuni, huu ninaousifia tangu mwanzo, ulilipiwa na watu ambao hawakuulizwa. Kama ningeambiwa leo nichague kati ya mama wa sauti ya pili kumpata Alick Nkhata na familia ya mtunzi fulani kupata jero yake, ningemchagua mama. Lakini ningejua kwamba jero hiyo ni deni.

Kibanda kilikufa 2017, bila kelele. Umeme ulifika, mnara wa pili ukasimama, simu za kugusa zikashuka bei, na vijana wakaanza kujipakulia wenyewe. Nikageuka wakala wa kutuma na kutoa pesa, kazi isiyo na nyimbo. Siku hizi mtu ana dunia nzima kiganjani, na nikisikiliza simu za kwenye Noah kwenda Mbalizi nasikia nyimbo zile zile tano za wiki hii. Sisemi ni simu. Pengine ni kwamba simu haikuulizi unataka nini. Nayo inakutazama buti na Biblia, inakufungulia folda.

Kitu kimoja kompyuta yangu haikuwahi kuwa nacho, na simu hazina: Mkwajuni yenyewe. Kwenye madaftari matatu, katika safu ya "anachotaka", nimeandika mara kumi na tisa maneno "ngoma za Kibungu" na mbele yake alama ya mkasi, yaani hakuna. Mwalimu mstaafu mmoja aliomba kwaya ya shule yake ya miaka ya 1980. Hakuna. Bibi mmoja wa Galula aliomba nyimbo walizokuwa wakiimba wakipepeta mchanga wa dhahabu wakati wa Saza ya wazungu. Hakuna, na bibi mwenyewe sasa hayupo. RTD ilikusanya ngoma nyingi za nchi hii, na kanda zake ziko TBC, lakini gari la kurekodi halikufika kila bonde.

Lakini kaseti za nyumbani zilifika. Harusi za 1985 zilirekodiwa, ubarikio ulirekodiwa, jando, matanga, mikutano ya injili ambako kwaya ngeni zilikuja na ngoma za kwao. Ziko ndani ya masanduku ya bati, juu ya dari, zinaliwa na joto na panya. Kama unatoka Mkwajuni, Saza, Galula, Ngwala au Kapalala na kwenu kuna kanda isiyo na jina, usiipe mtoto achezee utepe. Redio kaseti yangu bado inafanya kazi, nimeiunganisha na kompyuta ile ile, na sitatoza kitu. Nakala moja yako, moja ya akiba. Nipo pale pale kwenye kibanda cha miamala, siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi. Kalamu ya kurudishia utepe ninayo.